Ya Ishirini ni ya Njano

Kwanza fungua. Kabla ya salamu, kabla ya chai,
kabla hujamuuliza mwenyewe habari za Kasenga na watoto,
ikunje bunduki kiunoni, tazama chumba cha risasi,
kisha ingiza kidole, maana jicho huamini linachotaka.
Hivyo alinifundisha baba, Ngoie Mulapwe,
fundi wa Katuba, mlango wa bati uliopakwa buluu,
nyuma ya kinu cha mahindi kilichotikisa
misumari yote ukutani hadi saa kumi.

Wanaume walikuja na majivuno yao begani.
Mmoja alitaka ya kuangusha tembo,
na porini kwao tembo wa mwisho alipita
babu yake bado ananyonya.
"Unawinda nini?"
"Nsya."
"Basi chukua hii nyembamba.
Nsya kwa bunduki ya nyati, utarudi na mkia."
Huchaguliwa kwa bega, kama kiatu kwa mguu:
fumba macho, ipandishe shavuni, fumbua.
Ukiuona mgongo wote wa mtutu, mrefu kama barabara ya Likasi,
si yako.
Ukiona ile punje ya shaba mbele, peke yake, lipa.

Nilijua kusoma mtutu kabla ya kusoma Kifaransa.
Unaweka ukucha wa gumba nyuma, unauelekeza mlangoni,
mwanga unapanda ndani duara kwa duara
kama kisima ambacho hakuna aliyetupa jiwe.
Duara likivunjika, pana mbonyeo.
Likiwa na madoa, mtu alilala mvuani akajifunika yeye.
Kipande cha kitenge cha mama, mafuta ya cherehani,
matone matatu. La nne huozesha kitako.

Na risasi. Shaba hii, alisema, akiigonga kwa ukucha,
huenda ilitoka hapa chini yetu, ikapanda treni ikiwa udongo,
ikarudi na namba na jina la ugenini.
Usiiulize jina. Iulize namba.
Iliyoota kijani, weka kando.
Iliyovimba kwa unyevu, weka kando.
Na usiitikise sikioni, si yai.

Ya ishirini ni ya njano.
Hapo sauti yake ilikuwa inashuka.
Ya kumi na mbili, dukani kwetu, nyekundu;
kopo lake, rafu yake, siku yake.
Ya njano ukiitia katika mtutu wa kumi na mbili haikatai.
Inateleza, inakwama mbele, inanyamaza.
Wewe unaona chumba kitupu,
unaweka nyekundu nyuma yake.

Kila Juni, nyasi zikianza kuchomwa, Chansa Kaoma huja.
Huweka bunduki mezani kwa mkono wa kulia.
Wa kushoto hukaa mfukoni hadi chai ifike,
ndipo vidole vitatu vinashika kikombe.
Baba hakuwahi kumdai hata faranga.
Nilidhani ni urafiki.

Mwaka huu baba hayupo.
Nimesugua, nimepaka, nimetazama mwanga ukipanda,
nimetaja bei.
Chansa amenitazama kitambo,
amelipa, noti kwa noti, amezinyoosha kwa gumba,
kisha akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa:
"Lilikuwa kopo la Nido. Umeme ulikatika.
Baba yako akanihesabia kwa kupapasa.
Kumi.
Nyekundu zilikuwa tisa."

Akanywa chai yake yote.
Akaomba sukari ya pili, akanywa na hiyo.

Jioni nimefungua kabati. Lile kopo la njano
nililibeba tangu utotoni bila kuliuliza kitu.
Nimekwangua ukingo kwa kisu:
rangi juu ya rangi juu ya rangi,
unene wa ukucha, njano hadi kwenye bati,
na chini kabisa herufi mbili za maziwa.
Kila Juni, basi. Baada ya Chansa kuondoka.

Brashi ilikuwa ndani ya chupa, laini bado.
Nimeongeza mkono mmoja.