Kopi Tano

Jumanne ya kwanza alisema, "Nitolee kopi tano."
Karatasi moja, mwandiko wa mkono unaoegemea kushoto:
Utangulizi wa Lugha za Kislavoni. Somo la Kwanza.
Darasa lilikuwa Chikongola, nyuma ya ghala la korosho,
mabenchi mawili ya kukodi, saa kumi na moja jioni.
Mwalimu Eusebia Hokororo, miaka sita Lubliana,
amerudi Mtwara na sanduku la vitabu na kikohozi.

Kazi yangu ni kubonyeza. Sisomi ya watu.
Lakini karatasi hutoka ya moto kama chapati,
na macho hayana pazia.

Nikaona: voda, woda, voda.
Kirusi, Kipolandi, Kicheki.
Chini yake, kwa wino mwekundu:
maji, medi, mesi, maasi.
Nikaiacha mashine ilie peke yake.
Medi ni ya bibi yangu wa Newala.
Maasi ni ya Mama Mkulia, jirani,
akimfokea mwanawe kwa ndoo iliyorudi nusu.
Kumbe neno huhama
na kuacha ndugu kila lilipolala.

Somo la pili: golova, hlava, glava.
Kichwa ni kilekile,
kila kijiji kimekinyoa kivyake.

Somo la tatu nililiharibu. Karatasi mbili zilikwama, nilikuwa nacheka.
Mjerumani, kwa Warusi, ni nemets,
na nemets, kwa asili, ni bubu:
yaani hasemi kama sisi, basi hasemi.
Nikalikumbuka boma la Mikindani, unene wa kuta zile,
na hesabu ya kodi ambayo bubu
aliitamka bila kigugumizi.

Wiki iliyofuata: "Kopi nne."
Hashil, dereva wa Msimbati, amehamishwa.
"Nne," akarudia, akitabasamu kwa upande. "Tumevuka mpaka."
Akachukua kalamu yangu, akaandika juu ya risiti:
pet knjig, vitabu vitano, neno limekatwa mkia.
Štiri knjige, vitabu vinne, mkia umeota.
Nikauliza, "Tano imekosa nini hata ikatwe mkia?"
Akasema, "Nawe niambie,
mkono uliingia lini ngeli moja na mti?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na chenji tu.

Kisha Novemba. Minada ikafunguliwa.
Kwenye karatasi: listopad, majani kuanguka.
Kwa Wapolandi ni Novemba, kwa Wakroati ni Oktoba.
Jani limekauka kwa huyu, kwa yule bado.
Kwetu hudondoka mabibo,
na wanafunzi nao.
Nesi Fidea kapangiwa zamu za jioni.
Kopi tatu.
Dadi Mnonjela, aliyetaka ufadhili wa Moscow,
kaenda Nanyamba kumsaidia baba yake kukaanga
(hivyo ndivyo alivyosema, kukaanga; mimi najua ni kuokota).
Siku hiyo Mwalimu hakutaja idadi.
Alisimama akiitazama mashine
kama mtu anayetafuta namba ya simu aliyoisahau.

"Mbili," akasema mwisho.
"Moja ya nani?"
"Yangu."
"Nyingine?"
Akaisukuma juu ya kaunta, upande wangu.
"Umesoma masomo saba bila ada. Unadhani sioni?"

Ilikuwa somo la uwili.
Ena knjiga, kimoja. Tri knjige, vitatu.
Katikati, dve knjigi, viwili, kwa umbo lake pekee.
Waslovenia wanalo bado. Wengi wa ndugu zao wamelitupa.
Na chini, midva:
si mimi, si sisi,
sisi-wawili, kwa neno moja.

Umoja naujua. Wingi nimefundishwa kwa fimbo.
Mahali hapa katikati nimekaa miaka mingi
nikidhani ni kimya.

Kopi moja ni shilingi mia.
Aliweka mia mbili mezani.
Nikamrudishia mia.