Komeo

Nyumba ya kwanza kusimama tena kwenye kiwanja hiki
si yetu. Ni ya bata.

Bado tulikuwa tunalala kwa shemeji, Uru, chini ya kanisa,
sita chumba kimoja na magunia ya mahindi ya watu,
niliposema: kesho napanda kujenga banda.
Melkiori akanitazama kama mtu
aliyesikia kicheko msibani.

Misumari niliichambua kwenye majivu,
mia na kitu, ya paa letu lenyewe.
Nikainyoosha juu ya jiwe la kufulia.
Kumbe msumari ulioungua una siri:
kwa macho ni mzima, umeingia usamawati kidogo,
uguse kwa nyundo, unalala
kama mlevi ukutani.
Nikashuka Mbuyuni kununua nusu kilo,
nikarudi nimeishika mkononi, si kikapuni,
niusikie uzito wake.

Siku ya pili Melkiori akaja na randa, hakusema kitu.
Mgrivea wa mpakani ulikuwa mkaa upande mmoja, upande mmoja mti.
Akaula ule weusi taratibu
mpaka akafika penye rangi ya chai ya maziwa.
Alipoona hivyo ndipo alipokaa chini.

Miguu ya banda futi mbili, kwa sababu ya nguchiro.
Sakafu ya fito, uchafu upite.
Mlango utazame bondeni,
uupe mlima kisogo:
usiku upepo hushuka kutoka msituni,
na safari ile haukushuka peke yake.

Epifania wa ng'ambo ya mfereji akauliza, mbona bata?
Bata mchafu. Bata hata kutamia ni mpaka apende.
Kuku angekulipa.

Najua.
Nilikuwa na kuku kumi na mmoja, na jogoo.

Jioni ile niliwafunga mwenyewe.
Waya, mara tatu, kama kila jioni.
Saa nane za usiku tulipokimbia
nilibeba mtoto, nilibeba blanketi,
nilirudi ndani nikabeba cherehani.
Cherehani niliikumbuka.

Siku ya tatu waliporuhusu watu kupanda
waya ulikuwa bado pale,
mara tatu,
umefungwa vizuri sana.

Haya, Epifania: bata, kwa sababu ya matope.
Nimechoka na ardhi inayoruka ukiikanyaga,
inayoingia kwenye uji, kwenye nywele, kwenye sala.
Nimewaleta sita kutoka Mabogini, kwenye tenga,
ndege wa majaruba, hawajui kilichotokea huku.
Nikawawekea beseni, wakalipindua.
Kwa siku nne, palipokuwa jiko letu,
wamepakoroga pakawa ugali mweusi,
pananuka vibaya, pana nyayo.
Apolinari ameanza kusoma kwa silabi,
anaandika humo kwa kijiti: ma, ji, vu.
Mama, anasema, mbona maji yamo?
Nikamwambia aoshe miguu.

Banda limekwisha, isipokuwa komeo.

Nimejaribu kulabu. Nimejaribu kipande cha mti.
Usiku nimelala nikihesabu:
linalomshinda nguchiro
litamshinda na bata.
Fundi yeyote atakuuzia la kuzuia wa nje kuingia.
Nimeuliza la pili, maduka matatu. Wananitazama tu.

Basi kwa sasa nafunga kwa ugwe wa mgomba,
mkavu, fundo moja.
Nguchiro anaweza kuukata. Moto nao
utaanza na huo.
Nami nalala hapa hapa, juu ya gunia,
kichwa karibu na fundo, panga karibu na mkono.
Melkiori anasema nitapata kichomi.

Bata hawalali kimya, sikujua.
Wananong'ona usiku kucha ndani ya mbao
kama watu sita
wanaogombea blanketi moja.