Mafuta ya Bawaba

Katika landi za reli pale Tororo
kila mlango ulikuwa na kilio chake.
Wa kina Nyafwono ulilia kama mbuzi aliyekatwa kamba,
wa Mzee Wandera ulikohoa kwanza, ndipo ufunguke.
Wetu ulikuwa bubu.
Nami nikadhani ni bahati tu,
kwamba siku ya kugawa milango
sisi tulifika mapema.

Baba alikuwa mtu wa zamu ya usiku.
Saa nne hutoka na taa yake ya vioo viwili,
kijani na chekundu,
kofia kwapani, viatu mkononi,
akavivalie nje kwenye ngazi
misumari ya soli isije ikatuamsha.

Lakini mimi nilikuwa macho.
Athieno, mtoto wa usiku:
usingizi na mimi hatukunyonya ziwa moja.
Nilimwona akisimama juu ya mkeka wetu,
kidole hewani,
mmoja, wawili, watatu, wanne,
kama alivyohesabu mabehewa ya saruji
kabla ya kuyapa ruhusa kwenda Malaba.
Tukitimia, aliondoka.

Maneno yake ungeweza kuyafunga kwenye ncha ya kanga.
"Umekula?"
"Sweta hiyo ina tundu."
Mwaka nilioanguka hesabu
aliitazama ripoti mpaka chai ikapoa,
akaikunja mara nne, akaitia mfukoni,
akasema, "Kuna muhogo jikoni."
Asubuhi nikakuta penseli mbili juu ya begi langu,
zimechongwa kwa kisu,
ncha zake kali kama miiba.

Na ile sabuni.
Niliisahau nyumbani muhula wa kwanza wa bweni,
akaja nayo Nagongera kwa baiskeli,
jua la saa saba, vumbi mpaka kwenye nyusi,
akamwachia mlinzi wa getini.
"Usimwite. Yuko darasani."
Akageuza baiskeli.
Mlinzi alinisimulia jioni:
alikunywa maji, akauliza darasa letu ni lipi,
akasimama akitazama lile dirisha
kwa muda wa mtu kuvuta sigara moja,
na wala hakuwa na sigara.

Kisha garimoshi zikaadimika.
Ikaja barua yenye muhuri, ikamshukuru kwa mistari mitatu.
Tukahamia kwenye shamba lake Mulanda
na vitanda vyetu, na kuku,
na mlango pia, ndiyo, ule ule:
aliununua chakavu, akaufunga juu ya trekta
huku mama akicheka, "Huyu mwanamume na mbao!"

Tulipomzika, wasemaji walikuwa kumi na mmoja.
Kila mmoja alisema Oketcho alikuwa mkimya,
akachukua nusu saa kulisema hilo.
Nilitazama mikono yangu.
Mvua ikanyesha kidogo, ikajizuia.

Siku ya tisa, usiku wa manane,
nikainuka niende nje.
Nikausukuma mlango
na mlango ukalia.

Ukalia kwa sauti ndefu, nyembamba, ya kutu,
sauti niliyokuwa sijaisikia
kwa miaka thelathini na minne.
Watoto wa kaka wakageuka kwenye mkeka.
Na mama, gizani, kana kwamba alikuwa akisubiri:
"Leo tarehe ngapi?"
Nikamwambia tatu.
"Hee. Basi kachelewa siku mbili."

Juu ya fremu, kwa kupapasa,
nikaipata chupa ya dawa ya kikohozi,
mafuta robo,
na ndani yake unyoya wa kuku, umelowa, mweusi.

Sikuupaka usiku ule.
Niliufungua tena, nikaufunga, nikaufungua,
nikauacha ulie kwa niaba yetu,
maana sisi wengine sauti zilikuwa zimekwisha.

Kulipopambazuka nilipanda juu ya kigoda.
Bawaba ya juu, bawaba ya chini.
Kisha nikageukia mkeka,
kidole changu hewani,
nikaanza na mmoja.