Jembe Fupi

Nilikuwa na majembe mawili:
refu, la watu wazima,
na fupi, mpini umelainika kwa jasho,
la wale wasiofika magoti yangu.

Bomani walinilipa kwa shimo.
Shilingi kwa mkubwa, thumuni kwa mtoto.
Karani Lukosi hakuuliza jina,
aliuliza urefu,
nami nilipima kwa shibiri: tatu, nne,
tano mara chache.

Juni, ukungu ukilala Mlandege mpaka saa nne,
kichomi kilinipa kazi.
Masika, kuhara.
Mwaka wa surua nilichimba kabla ya kuitwa,
mashimo sita yakae tayari,
na Mungu anisamehe, Ijumaa haikuyakuta wazi.
La tano lilikuwa la kwangu.
Sikudai thumuni.
Karani akaiandika hata hivyo.

Kisha sijui kilitokea nini.
Nasema sijui, maana wanaojua ni wengi mno.
Daktari asema ni chandarua na kwinini.
Padri asema ni maombi.
Bwana afya, kofia mkononi, anaonyesha mfereji
alioupitisha mbali na machinjio.
Bibi Semfilinge, mkunga wa Kihesa, hasemi kitu.
Anachemsha wembe
pale ambapo mama yake alikata kitovu kwa utete,
anahesabu siku saba, pepopunda haiji,
anachukua kuku wake, anakwenda zake.

Mimi nilichoona ni kutu.
Ilianzia shingoni mwa jembe,
ikashuka taratibu kama mtu anayerudi nyumbani
na hana haraka.
Mwezi mzima, thumuni mbili.
Mke wangu akatikisa kopo la sukari: kulikoni?
Nikamwambia, watoto wamegoma.
Akacheka,
kisha akanyamaza, akitazama
upande wa ule mfyulisi.

Si kwamba wamekoma.
Jumanne nimechimba shibiri tatu,
mtoto wa mpagazi, ng'ambo ya Ruaha Mdogo,
ambako mfereji haufiki.
Karani alisema, mwaka huu tumeshuka sana.
Baba wa mtoto alikuwa amesimama hapo hapo,
ameshika mkeka mtupu.
Nilimkanyaga karani mguu.

Lakini sikia kero niliyo nayo sasa.
Ule mfyulisi wa makaburini,
miaka yote nilikula peke yangu matunda yake,
yakiiva, yakidondoka, yakioza,
nani mwingine angeyataka?
Mwaka huu wamo matawini, saba, kumi,
meno ya mbele hawana, makamasi wanayo,
sijui ni wa nani,
sikuwahi kumpima hata mmoja.
Wanayala mabichi, magumu kama mawe.
Nikipiga kelele wananitupia kokwa.

Nimekaa chini ya mti tangu asubuhi na kikapu.
Hakuna fyulisi hata moja lililofika kuiva.