Anayeamka Saa Nane

Mchana, mkononi mwangu, skripti inakimbia.
Nachapa jina lake, na mitaa inapita kwenye kioo:
Nkuhungu, Chang'ombe, Ipagala, Mkonze,
kila mtaa na saa yake ya maji.
Usiku haitumi hata neno.

Asubuhi simu ya ofisi inalia sijavua sweta.
Mama Sechelela wa Nkuhungu hasalimii:
"Mlisema mtatuma ujumbe. Maji yamekuja saa kumi,
yakaondoka mimi naota."
Tunalishughulikia, namwambia.
Jibu hilo Dodoma nzima inalijua.

Siku tatu niliilaumu seva,
nikalaumu umeme, na vumbi la Agosti
linaloingia hata kwenye meno ya kibodi.
Leo nimefungua daftari la makosa:
mstari mmoja, wa usiku wa manane.
Nywila ya hifadhidata: haipo.

Haipo? Mbona mimi ninayo.

Kumbe.
Mimi nikiingia, ganda hunivisha:
nywila, anwani, njia ya kila programu,
hata saa ya hapa. Niliviandika mwaka juzi,
nikavisahau
kama mtu asakavyo miwani iliyo usoni pake.
Yeye wa ratiba hapiti mlangoni. Anaamshwa tu,
saa nane kamili, peku,
anajua kwao na vichochoro viwili.
Nilimpa kazi. Sikumpa kitu.

Baba, Mlewa, alilinda ghala la mahindi Kibaigwa.
Usiku wa kwanza walimkabidhi rungu
na tochi isiyo na betri.
Lori likaja saa tisa, dereva akapiga honi, akapiga honi.
Hakuna aliyekuwa amemwambia ufunguo uko wapi.
Wakamkata siku mbili.
Alituhadithia akicheka. Mama hakucheka.

Basi nimeandika faili moja, kando:
kigeu, alama ya sawasawa, thamani. Bila pambo.
Nimelifunga, alisome yeye tu,
maana skripti hunakiliwa, huzurura,
na nywila haiandikwi kwenye paji la uso.
Juu kabisa ya skripti, kabla ya amri yoyote:
soma lile kwanza.
Nami nikiiita kwa mkono, nisome lilelile.

Kisha nikajivua vyangu vyote,
nikafungua ganda tupu lisilonijua,
nikaiendesha humo.
Mitaa ikapita. Saa tu zilikuwa za watu wengine,
tatu nyuma.
Nikaongeza kigeu cha mwisho.

Sasa nimelala na simu kifuani,
silali.
Saa nane na dakika moja inatetemeka:
Mkonze, maji saa tisa.

Mkonze ni kwangu.
Naamka, napapasa ukuta,
natafuta ndoo.