Nta ya Mlango wa Kushoto

Duka la Kasereka, pale Birere, lina makopo mawili tu:
la bluu, nta ya maji, hukauka kufumba na kufumbua;
la njano, ngumu kama sabuni ya kipande,
inayotaka mkono na kivuli.
"Chukua bluu, mnunuzi wako anakuja saa kumi."
Nikachukua njano.

Kwanza maji, ndoo tano za ziwani,
maana vumbi letu ni mlima uliosagwa:
ukilifuta kavu, linaandika.
Kitambaa kikianguka chini hakirudi kazini.

Kisha nta, kiasi cha ukucha,
duara dogo, duara dogo,
boneti, madigadi, paa,
mpaka Carina nzima ikaingia ukungu.
Nikangoja.
Kidole kikipita bila kunata, futa.

Mawingu yakashuka kwenye boneti. Waya za umeme. Pua yangu.
Na mlango wa kushoto,
ule hasa niliotaka ufunikwe,
ukatoa herufi moja moja:
ASIFIWE,
S imegeukia nyuma,
ameichonga kwa jiwe la lava
siku ya foleni ya kwenda Sake,
watu tisa ndani, magodoro juu,
mbingu nyekundu mgongoni kwetu,
nami nikamgombeza
kwa ajili ya rangi.

Saa kumi na nusu mnunuzi akapapasa mlango,
akapunguza dola arobaini.
"Nani huyu, hajui hata S?"

Nikakunja kitambaa, upande safi nje.
Siku hizi, nikamwambia, anaiandika vizuri.