Dozi Kumi na Moja

Kazi yangu ni vichwa.
Paarma anachanja, mimi nashika vichwa:
goti moja kwenye theluji, mkono nyuma ya masikio,
mwingine chini ya taya, nikimnong'oneza mbwa maneno
ambayo mama huninong'oneza kwa daktari wa meno.

Wanasema kwingine chanjo huogopa jua,
husafirishwa kwenye barafu kama samaki.
Huku kwetu barafu ndiyo adui.
Paarma anazilea chupa kwapani,
chini ya sweta mbili na koti la ngozi ya sili,
anatembea kabana mkono kama aliyevunjika ubavu,
na watoto wa ng'ambo ya hori humcheka:
"Paarma, mayai yataanguliwa lini?"

Hajibu. Anaukumbuka mwaka wa homa,
mbwa wakitafuna hewa, makamasi yakigandia puani,
Jokum akitoka kila asubuhi na bunduki
na kurudi na mnyororo mtupu begani.
Minyororo kumi na minne.
Kipupwe kile aliivuta sleji mwenyewe, kamba kifuani,
wala hakuna aliyekwenda kumpa pole.
Pole haina miguu.

Leo ana mbwa kumi na wawili.
"Huyu?"
"Kajoq."
Sindano.
"Huyu?"
"Hana jina. Mwizi."
Sindano.
Wa tano kanikojolea kiatu, kikaganda papo hapo.
Wa saba kamlamba Paarma shavu kabla hajamdunga,
na baada ya kumdunga akamlamba tena.
Kila aliyechanjwa anapakwa alama nyekundu mgongoni,
rangi ileile tuliyopakia mlango wa kanisa.

Wa kumi alichomoka. Paarma akamrukia,
mkono ukaachia, chupa ikadondoka kimya
ndani ya theluji, kama jino la mtoto.
Tuliitafuta kwa muda wa kuvuta sigara moja.
Alipoitikisa karibu na sikio langu
nilisikia vipande vikigongana.
"Imekufa," akasema.
Helikopta ni Alhamisi, ukungu ukipenda.

Tukabaki na dozi mbili, kisha moja.
Na mbwa wawili.

Mmoja Taqulik, kiongozi, sikio lake nusu,
anayeijua barafu nyembamba kwa harufu tu,
aliyewahi kukataa kwenda, akapigwa, akakataa,
mpaka Jokum akashuka, akachoma barafu kwa fimbo
na fimbo ikazama yote.
Mwingine kinda wa miezi saba,
miguu mingi kuliko akili.

Na wiki iliyopita, jalalani, saa sita mchana,
mbweha mweupe alikuja akitembea kati ya watu
kama aliyealikwa.
Mbweha asiyeogopa, sote tunajua ana nini.
Walimpiga risasi, wakamchoma moto.
Lakini mbweha hana safari ya peke yake.

Mimi nilikwisha kumshika Taqulik kichwa.
Nani angefikiri vingine?
Jokum alitazama mlima, akatazama buti zake.
"Mchanje mtoto," akasema.
"Na huyu?"
"Huyu nitalala naye."

Mbwa wa sleji haingii nyumbani.
Hilo hatukuandikiwa na mtu, tumezaliwa tumelikuta.
Jirani mmoja alisimama dirishani na kikombe chake
mpaka kahawa ikapoa.

Jioni nilirudisha kamba niliyoazima.
Taqulik alikuwa jikoni, juu ya plastiki ya maua,
miguu minne kaitanua, pua chini,
akiipima sakafu hatua kwa hatua
kama barafu ya mwezi wa tano.
Alihema kwa joto, ulimi nje,
theluji ya manyoya yake ikimwagika, dimbwi likikua.
Jokum alikaa kwenye stuli, mnyororo kauzungusha mkononi,
koti kalivaa, kofia kaivaa,
na dirisha kalifungua wazi kwa ajili yake,
baridi ya ishirini na sita chini ya sifuri ikiingia kama mgeni.

"Funga mlango," akaniambia.
"Joto lisimwingilie."